Minazi ya Ndoo

Mzee Mwinyihaji hakuwa mtu mbaya, ila kwa habari ya miti alikuwa hatari. Nyevu alilima kipande cha shamba la mzee huyo pale Mtopanga, kimebanwa na nyumba za kupanga kila upande, na kwa miaka yote hiyo mzee hakumdai zaidi ya kapu la mahindi mabichi na muhogo wa futari. Sharti lake lilikuwa moja tu: asipande mti. Mahindi huvunwa yakaisha, lakini mnazi ukishasimama, aliyeupanda ana la kusema mbele ya chifu, na mwenye ardhi hamwondoi mpaka amlipe. Hilo kila mtu wa pwani analijua.

Serikali haikulijua. Ilileta ruzuku yake, mbolea kwa nusu ya bei pamoja na miche ya minazi ya bure, na anayetaka mbolea sharti apande miche, afisa aje aione. Nyevu alijiandikisha mbio mbio, maana udongo wake ulikuwa umechoka na mahindi ya mwaka uliopita yalitoka mafupi hata akaona haya kuyaita mahindi. Miche iliposhushwa mlangoni ndipo moyo ulipomlipuka. Akipanda, anafukuzwa. Asipopanda, mbolea hana, na watoto watalala na chai ya strungi, kavu bila maziwa.

Alilia kidogo, akajifuta, akaenda kwa jirani yake fundi wa rangi kuomba ndoo tupu. Akazitoboa chini maji yasituame, akazijaza udongo, akatia miche, akazipanga nyuma ya nyumba yake, hapo hapo shambani. Mnazi ndani ya ndoo si mti wa shambani, alijiambia. Ni kama ua la barazani.

Afisa wa kilimo, binti mpole aitwaye Purity, alipoziona zile ndoo alibana kicheko. Nyevu akamweleza yote bila kuficha. Purity akasema yeye katumwa kuangalia kama miche imepandwa, hakutumwa kuuliza imepandwa ndani ya nini. Mbolea ikapatikana, na msimu ule mahindi yakampita Nyevu kimo.

Minazi nayo ikanawiri. Nyevu alijua mzee ataiona tu, na kila aliposikia bakora yake njiani alikimbia kumlaki mbele ya nyumba. Siku ya siku Mwinyihaji akafuata mahindi yake, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama.

"Nyevu."

"Abee, mzee."

"Ni nini hivi?"

Nyevu alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni miche ya serikali, kwamba ardhi ya mzee hakuigusa, na kwamba akiamriwa ataibeba yote leo hii.

"Haya, beba nikuone."

Akainama, akashika ndoo ya kwanza, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena mpaka kilemba kikamvuka. Mwinyihaji akaweka bakora chini, akashika upande wa pili, wakavuta pamoja mpaka jasho likawatoka. Mizizi ilikuwa imepenya matundu ya chini na kushuka shambani.

Nyevu akakaa kitako mchangani.

"Nilitoboa maji yatoke, mzee. Haki ya Mungu, sikujua."

Mwinyihaji aliitazama mikono yake, imejaa udongo wa shamba ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulitia jembe, na haya ikamshika. Akaitisha panga. Nyevu alilileta, akageuza uso asione mnazi wake ukikatwa.

Alisikia plastiki ikipasuka. Alipogeuka, mzee alikuwa amechana ndoo kutoka mdomoni hadi chini, anaibandua kipande kipande, na mnazi umesimama peke yake.

"Ingeunyonga," alisema, akimrudishia panga. "Hizo nyingine pasua mwenyewe, mimi mgongo sina."