Aliyekupima Mara ya Mwisho

Kwa siku ishirini na mbili nilikuwa nikiitukana tovuti yangu mwenyewe. Kila asubuhi naifungua kwenye simu, nakuta watu mia wamepita na hakuna hata mmoja aliyeagiza kofia. Watu wa kuchungulia tu, nikasema.

Duka ni la marehemu baba yetu, Obeid, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu: chumba kimoja na baraza ya kukalia nje. Aliuza kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyoshonwa kwa mkono kwa miezi. Tangu tumzike, wateja wamehamia kwenye kofia za mashine. Kakangu Mahir, aliyeko Nairobi, alinipigia akasema, "Nour, Maulidi yakipita na duka liko hivyo hivyo, nampangisha muuza simu." Nilimkatia. Kisha nikalia, wala sioni haya kusema.

Tovuti alinitengenezea Jeruto, mwalimu wa kompyuta kutoka bara, aliyepanga chumba chetu cha juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi yake ilikuwa safi: picha kubwa, maneno machache, vitufe vitatu, na inafunguka upesi hata mtandao ukisuasua.

"Dada Nour," aliniambia, "watu wanaingia vizuri, wanatazama kofia, wakifika kwa fomu wanatoka. Shida iko kwa fomu."

Fomu ilitaka mtu aandike kipimo cha kichwa chake kwa sentimita. Nikamwambia fomu haina kosa, wenye kosa ni watu.

"Basi tumpe mtu aitumie, mimi na wewe tunyamaze, tumtazame."

Tukampa mama yetu, Bi Batuli. Alivaa miwani, akasogeza picha kwa kidole, akazisifu, akafika kwenye fomu. Akanirudishia simu.

"Huyu ni nani? Hayaniamkua, auliza kitwa changu kikubwa kama nini," alisema. "Babako hakumuuliza mtu hayo. Alimuuliza, wewe u wa nyumba ipi?"

Nilitaka kubishana, lakini nikamwona baba waziwazi akilini. Mteja ameketi barazani, kikombe cha kahawa mkononi, naye baba amesimama nyuma yake akiuzungusha uzi juu ya masikio, huku akimuuliza hali ya nyanya yake na kama mjomba amerudi kutoka Pate. Akimaliza kuuliza alikuwa ameshapima. Alifunga fundo, akaufungia uzi kikaratasi chenye jina, akautia kwenye mkebe wa bati pamoja na nyuzi za nyumba ile. Hakuna mtu wa Lamu aliyejua kipimo cha kichwa chake. Cha nini, na baba yuko? Na mimi niliyekulia barazani pale ndiye niliyesahau. Nilijichukia siku ile.

Jeruto hakucheka. Aliuliza, "Hizo nyuzi ziko?"

Ziko. Mama hakutupa hata moja.

Alikaa chini palepale akaifuta fomu. Sasa mtu akiifungua, kwanza anasalimiwa. Kisha anaulizwa mambo matatu: jina lako, wewe ni wa nyumba gani, na nani aliyekupima mara ya mwisho. Jeruto alitaka kuweka na kitufe cha punguzo la bei, nikamwambia asinichoshe.

Siku ya pili ikaja oda kutoka Jeddah. Kisha Mombasa, mbili, halafu Muscat. Watu hawakujibu maswali tu, walihadithia. Mmoja aliandika mistari minane juu ya kahawa ya baba. Mama anasomewa, anafungua bati, anachambua vikaratasi, anautoa uzi. Washonaji wetu wanne, waliokuwa wamekaa bure tangu Ramadhani, wakarudi kushona.

Jumatano iliingia oda ya kumi na nne. Jina: Mahir. Nyumba: hiyo hiyo. Aliyekupima mara ya mwisho: "Baba. Nilikuwa darasa la nane. Nilimwambia kofia hizi ni za wazee, nikamnyang'anya uzi nikaukata. Hakunipima tena. Najua humo batini simo. Sasa nani atanipima?"

Nilimsomea mama mara mbili. Hakulifungua bati. Alifuta miwani kwa ncha ya leso.

"Mwambie na aye," alisema. "Mikono nnayo."

Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mteja, kwa jina la duka: Assalamu alaikum, oda yako tumeipata, ila wewe hupimwi kwa simu. Mama anakungoja barazani.

Jibu lilikuja baada ya adhuhuri. Atafika Ijumaa, na ameshamwambia yule muuza simu atafute mahali pengine.