Mlima Loleza wa Shela

Mwalimu Gideoni alipochora Mlima Loleza ukitoka kwenye ukungu wa asubuhi, mtaa wetu wote wa Iyunga ulimsifu. Mimi nilimwambia usoni, "Mwalimu, rangi nzuri, lakini ukungu wako umeganda."

Akacheka. "Haya Tusekile, wewe fundi cherehani, tengeneza wa kwako basi tuuone."

Kumbe alifikiri natania. Miezi minne nilishona shela juu ya shela, nyepesi hata ukipumua karibu zinatikisika. Miale ya jua niliikata kwenye vitambaa vya dhahabu vilivyobaki kwenye magauni ya harusi. Mwaka 1976 nikapanda basi hadi Iringa, kwenye maonyesho ya wachoraji. Nilitaka jambo moja tu: kazi yangu iitwe picha.

Wakaitundika kwenye ukuta wa chokaa. Mlima wangu ukafa palepale. Mzee Faustin, mkuu wa waamuzi, akaupita mikono ikiwa mgongoni.

"Mama, hili pazia. Lipeleke kule kwenye vitambaa vya meza."

Pazia! Nusura nimjibu vibaya. Lakini hasira hasara. Nikafikiri. Kosa lilikuwa langu. Nyumbani niliishona ikiwa imening'inia mlangoni, pale tunapotundika mapazia sote, jua likiipiga kwa nyuma. Ukutani haikuwahi kukaa hata siku moja.

"Sawa, mzee wangu," nikasema. "Kama ni pazia, mahali pake ni mlangoni."

Nikavuta kiti, nikapanda na viatu vyangu, nikaitundika kwenye mlango mkubwa wa ukumbi unaotazama mashariki. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua likaingia kwa nyuma, na upepo wa Iringa, ambao hauna adabu, ukafuata. Ukungu ukapanda taratibu, ukashuka, ukapanda tena. Loleza ukajitokeza, ile dhahabu ikiwaka begani kwake. Watu wakasogea karibu.

Waamuzi walikuwa wanatoka kwenda kunywa chai. Mzee Faustin akafika mlangoni, akanyoosha mkono aifunue apite. Mkono ukabaki hewani. Kisha akawageukia wenzake.

"Tuzungukie mlango wa nyuma," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa pana picha."

Nilipiga vigelegele peke yangu, nikiwa bado juu ya kiti, bila aibu hata chembe.