Nzohe wa Mama Nabwile

Mtu mwenye akili zake anapeleka mama mkwe likizo? Bungoma walimcheka Wangila mpaka wakachoka, lakini shauri yao. Mama Nabwile, mamake Fridah mke wake, jicho moja lilikuwa limeshazimika kwa presha ya macho, na daktari wa Kitale alisema la pili halitakawia. Tangu usichana wake mama huyo alitamani kumwona nzohe, yule swala wa kinamasi anayezama majini akabakisha pua tu. Basi Desemba ya 2006 Wangila akawapeleka mama na Fridah kwenye hifadhi ya kinamasi ya Saiwa, liwalo na liwe.

Taabu ilikuwa heshima. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kutazamana ni aibu. Na jukwaa la kutazamia wanyama lilikuwa moja, mbao juu ya nguzo, ngazi moja. Wakapeana zamu: Wangila asubuhi, mama jioni. Kila jioni mama aliambulia mbu na tumbili.

Asubuhi ya kuondoka, Wangila akiwa juu na darubini, alisikia ngazi inalia.

"Panda tu, mama," ilikuwa sauti ya Fridah. "Baba watoto ameenda kupakia gari."

Ameenda wapi! Wangila alitamani kuruka. Lakini kule chini, kando ya mafunjo, nzohe alikuwa anatoka majini, kichwa, shingo, mabega yakichuruzika. Kishindo kimoja tu, na mama angerudi nyumbani mikono mitupu.

Akageuka, akabandika uso kwenye nguzo, akajifunika koti kichwani. Darubini akainyoosha nyuma ya mgongo.

"Uuwi!" Mama Nabwile alinong'ona, miguu ikamkwama kwenye ngazi.

"Mama, usirudi. Nzohe ametoka!" Fridah akamsukuma juu, akapanda nyuma yake, akavua leso yake haraka, akaitanda katikati yao kama pazia, kisha akampa mama darubini.

Wangila akatega sikio ndani ya koti. Je, kama lile jicho moja halifiki kule?

"Yule!" mama akasema. "Fridah, mwambie mkwe wangu ni dume. Pembe zimejisokota."

Fridah alifungua mdomo aufikishe ujumbe, akaishia kulia. Mama akangoja weee. Kisha likatoka jina ambalo tangu arusi halijawahi kupita kinywani mwake.

"Wangila. Anatembea kama mtu amevaa viatu vya kuazima, kwato ndefu hivyo! Sasa anakunywa. Sasa ameinua kichwa, ati anatuangalia sisi. Hili jicho likitaka kuzima, lizime. Huyu nimeshamweka."

Ndani ya koti Wangila alikuwa analia na kucheka. Nzohe mwenyewe hakumwona tena, na hakujali hata kidogo.

"Endelea, mama," akasema.