Swali Ambalo Hatukuulizwa

Nilipojifungua mtoto wa kiume, kitu cha kwanza nilichokitamani hakikuwa chakula wala usingizi. Nilimtamani baba yangu.

Baba alikuwa hai, mzima wa afya, anatengeneza mafriji kwenye mji ulio mbali nasi mwendo wa nusu siku kwa basi. Huko wanamwita Fundi Baridi. Mimi nilimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura, kwa sababu tangu nipate akili nyumbani kwetu alikuwa hatajwi. Mama akilazimika kumtaja alisema "yule mtu," na akishasema hivyo vyombo vilianza kugongana jikoni. Utotoni baba alikuwa akija shuleni kwetu mara mojamoja, anasimama ng'ambo ya geti na begi lake la spana, ananipa peremende na kuniuliza tumefika ukurasa gani wa kitabu cha kusoma. Zile peremende nilikuwa naziweka shavuni na kuziacha ziyeyuke zenyewe, nisije nikazimaliza haraka. Nilipokuwa mtu mzima, nimenunua simu yangu na nimepata kazi kwenye duka la miwani, tukawa tunaongea kwa kificho, mimi nimejibanza nyuma ya kabati la fremu, yeye ana friji la mteja linanguruma pembeni. Kila nikimuuliza kwa nini waliachana, jibu lilikuwa lile lile.

"Muulize mama yako, mwanangu. Atakalokwambia ndilo."

Na mama ukimuuliza, yeye anakuuliza kama umeshafua.

Mama ni msimamizi wa chumba cha kufulia kwenye hoteli, na wenzake wanamwita Bosi wa Mashuka. Hana mchezo. Nilipojifungua alihamia kwetu na godoro lake, akamteka mjukuu. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole, ikawa anaomba ruhusa kumbeba mwanawe mwenyewe, na mara nyingine ananyimwa.

Sasa mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto atahiriwe angali mchanga. Nikaona hapo hapo nimepata upenyo. Babu kumshika mjukuu siku ya tohara yake ni jambo ambalo hata mama asingeweza kulikatalia, au ndivyo nilivyojidanganya.

"Mama," nilisema, "siku hiyo nataka babu yake awepo."

Mama alikuwa anakunja nepi. Aliendelea kukunja.

"Akiingia yeye mlango huu, mimi natokea dirishani."

"Tuko ghorofa ya tatu, mama," alisema mume wangu.

"Ndiyo maana nasema." Akaiweka nepi juu ya nyingine, akaipigapiga ikae sawa. "Halafu huyo mtoto mwacheni kwanza. Mna haraka ya nini? Kuna treni inamsubiri?"

Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimechoka, maziwa yananivuja, na nilikuwa na hamu ya baba. Nikamwambia kwamba yeye kila jambo langu lazima aliwekee kikwazo, na kwamba mtoto huyu ana babu kama alivyo na bibi. Nilitegemea anirushie maneno. Badala yake alisema tu kwamba tukienda kliniki na yeye atakuja. Mama yangu kushindwa ugomvi kirahisi namna ile lilikuwa jambo geni, lakini sikulifikiria zaidi.

Kliniki ilikuwa na korido ndefu iliyonukia dawa ya kuoshea sakafu, na chumba kidogo mwishoni chenye meza ya mtoto, taa kubwa na viti vya plastiki. Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, mnene, miwani yake imelalia upande mmoja. Mkono uliniwasha niivue niinyooshe fremu.

"Kabla sijamgusa huyu bwana mdogo, tunaongea kwanza," alisema. "Kuna wazazi wanakuja hapa kama wanaleta suruali kwa fundi: punguza hapa, nakuja jioni. Mimi sifanyi kazi hivyo."

Akatueleza. Tohara ya mtoto mchanga si dharura, alisema. Anayetaka kusubiri asubiri, na anayeamua ajue anaamua nini. Ina faida zake, inapunguza maambukizi ya njia ya mkojo kwa mfano, na ina hatari zake, ndogo lakini zipo. Mtoto lazima awe mzima, ananyonya vizuri, anakojoa vizuri. Atapigwa ganzi. Tukirudi nyumbani tusimkaze nepi, tumpake mafuta mazito ili kidonda kisigande kwenye kitambaa, na tukiona utando wa manjano tusiusugue tukidhani ni usaha. Damu ikiendelea kutoka, au mtoto akikaa muda mrefu bila kukojoa, tusisubiri kesho wala tusimpigie simu shangazi. Tumrudishe.

Mume wangu akauliza hiyo hatari ndogo ni asilimia ngapi.

"Mwalimu wa hesabu?" aliuliza nesi.

"Umejuaje?"

"Wahasibu hawatoki jasho namna hiyo."

Tukacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Nesi akamvua mtoto nepi, akamtazama vizuri. Akasema tundu la mkojo liko mahali pake. Wapo watoto ambao tundu lao liko chini, na hao hawatahiriwi, kwa sababu ngozi ile ile ndiyo itakayotumika kuwarekebisha baadaye. Kisha akamgeuza, na mkono wake ukasimama. Kwenye paja la mwanangu palikuwa na uvimbe wa rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa nimeshauzoea.

"Hii ni ya lini?"

"Ni sindano ya siku aliyozaliwa," nilisema. "Wameniambia itaisha."

"Ilitakiwa iwe imeshaisha." Alibonyeza pembeni kwa kidole, taratibu. "Niambieni. Kwenye familia, hasa upande wa mama, kuna mwanaume yeyote aliyewahi kutoka damu ikakataa kukata? Aking'olewa jino, akijikata, akitahiriwa?"

"Hakuna," nilisema, tena kwa kujiamini. "Mimi ni mtoto wa pekee."

Nesi akamgeukia mama. "Na wewe, bibi? Unamjua yeyote?"

Mama aliinuka. Aliuacha mkoba uanguke, akaja mezani, akamfunga mjukuu wake nepi, akamviringisha kwenye shuka na kumchukua kifuani. Alifanya yote hayo bila haraka.

"Yupo," alisema. "Mwanangu."

Nilidhani hakusikia swali vizuri. "Mama, mwanao ni mimi."

"Wewe, na mdogo wako."

Nesi akamsogezea kiti, lakini mama hakukaa. Alizungumza amesimama, anamtazama mtoto na si sisi.

"Ulikuwa na miaka miwili. Ulikuwa unamwita Bebi. Unamletea kijiko chako, unataka ale wali na meno hana. Baba yako alitaka atahiriwe mapema asije akateseka ukubwani. Nikamwambia subiri. Siku moja nimeingia kazini asubuhi, akamchukua akampeleka kwenye zahanati moja ya mtaani. Alitaka nikirudi nikute shughuli imekwisha, nisiumie roho kumsikia mtoto akilia. Nimerudi nimekuta nepi zinalowa. Tunabadilisha, inalowa. Tukakimbia naye hospitali. Mimi natoa damu kwenye mashuka ya watu kila siku kwa maji baridi, sishindwi na doa. Zile nepi nilishindwa kuzifua."

Mume wangu alikuwa amenishika bega. Sijui alinishika saa ngapi.

"Nikamwambia baba yako wewe umeniulia mwanangu," alisema mama. "Akakubali. Akabeba spana zake akaondoka."

Nilimkasirikia mama, nisiseme uongo. Nilimkasirikia na baba. Wote wawili walininyima mdogo wangu, mpaka machozi ya kumlilia. Lakini pale pale, chini ya hasira, ilifunguka hamu nyingine ambayo sikuwahi kujua ninayo. Nilimtaka yule mtoto. Nilitaka mtu wa kugombania naye kitanda cha karibu na dirisha, mtu wa kumsingizia nikivunja glasi, mjomba wa mwanangu, mwanaume mzima wa leo mwenye kitambi na maneno mengi. Nililia sana, na nesi akaniacha nilie.

Mwanangu hakukatwa siku ile. Nesi alitupa barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa magonjwa ya damu, na huko wakamtoa damu kidogo mno kwa sindano nyembamba, halafu wakamkandamiza pale walipomchoma kwa muda mrefu. Siku za kusubiri majibu, mama hakumpa mtu mtoto. Hakuna aliyemwomba.

Daktari alikuwa kijana, kola yake haijapigwa pasi vizuri, na najua mama aliona. Alitukalisha, akasema wazi wazi. Mtoto ana hemofilia. Damu yake haigandi kama ya watu wengine. Angetahiriwa bila kujulikana, angeweza kutufia mikononi. Sasa imejulikana, dawa ipo, tutafundishwa namna ya kumlea, atacheza na atasoma. Tohara inaweza kusubiri, na ikija kufanyika ifanyike hospitali yenye wataalamu, kwa maandalizi.

"Ameupata wapi?" niliuliza.

"Kwa kawaida mtoto wa kiume huupata kwa mama. Mama mwenyewe mara nyingi haumwi, wala hajui kwamba anao."

Kabla sijafungua mdomo, mama akanishika mkono.

"Usianze," aliniambia. "Mimi nilianza kutafuta wa kumlaumu, na unaona niliishia wapi." Kisha akamgeukia daktari. "Na mama wa huyo mama?"

"Kama na wewe ulikuwa na mtoto wa kiume aliyetoka damu hivyo, basi umepitia kwako, bibi."

"Si kwa baba yake?"

"Hapana. Baba hawezi kumpa mtoto wake wa kiume ugonjwa huu."

Nilimwona mama anafikiri, midomo inachezacheza.

"Kaka yangu alikuwa anavimba magoti," alisema mwishowe. "Tangu mdogo. Akianguka kidogo tu, goti linajaa. Sisi tukasema ni baridi." Akamtazama daktari. "Yule aliyemkata mwanangu alikosea?"

"Mkono wake huenda haukukosea kitu. Angekuwa hodari kuliko wote, isingesaidia bila kujua. Ilibidi aulize."

"Hakuuliza," alisema mama. "Na mume wangu angeulizwa, angejibu nini? Magoti ya kaka yangu nilikuwa nayajua mimi."

Alisema "mume wangu." Sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la korido, mkabala na dirisha la dawa. Mume wangu alikwenda kupanga foleni. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Unampigia nani?"

"Usinifanye mjinga. Unaongea naye nyuma ya kabati la miwani tangu upate kazi."

"Ulikuwa unajua?"

"Na mara mbili nimekulipia vocha ukidhani ni mume wako. Piga."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu katikati yetu. Baba alipokea haraka, friji linanguruma nyuma yake.

"Mwanangu! Mjukuu hajambo?"

"Ni mimi," alisema mama.

Friji likazimwa. Nikasikia hata pumzi yake.

"Mama watoto," alisema baba.

Watoto. Nikaufunika uso wangu kwa ncha ya shuka la mwanangu.

"Haikuwa wewe," alisema mama. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa mno, watu wa foleni wakageuka, naye hakujali. "Unanisikia? Daktari ametuambia. Damu ile ilitoka kwetu, hata kaka yangu alikuwa nayo, ikapita kwangu. Hata ningempeleka mimi kwa mikono yangu ingekuwa vile vile. Nilikufukuza kwa kosa ambalo hukulifanya."

"Hata usingenifukuza ningeondoka," alisema baba. "Nilimshika miguu mimi mwenyewe. Nilikuwa nikiiangalia mikono hii nashindwa kula nayo."

"Sasa kula."

Nilisikia baba akilia. Sijawahi kumsikia mwanaume akilia kwa namna ile, kama mtu aliyeruhusiwa. Mama hakumnyamazisha. Alimsubiri, anafuta kamasi kwa kiganja, yeye ambaye hutembea na vitambaa vitatu vilivyopigwa pasi.

"Unakumbuka alivyokuwa anapiga chafya?" aliuliza baba.

"Mbili mbili," alisema mama. "Ya kwanza kubwa, ya pili kama ya paka."

"Halafu anashangaa nani amepiga."

"Anakutazama wewe."

"Mimi? Alikuwa anakutazama wewe, usinisingizie."

"Wewe bwana, ulikuwa unalala fofofo, ungeona wapi?"

Wakaendelea hivyo hivyo, wanakatizana, wanabishana juu ya nani alimwogesha vizuri zaidi na kama nywele zake zilikuwa nyingi au ni mama tu anazidisha. Mume wangu alirudi na mfuko wa dawa, nikampa ishara asiseme kitu. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa mtu, na tangu nipate akili sikuwahi kusikia wazazi wangu wakiongea.