Wadudu Waliolala

"Nyoosha mkono, mama. Mbona unaukaza hivyo?"

Daktari wa wafanyakazi aliweka rula juu ya uvimbe uliotokea pale alipomdunga juzi sindano ya kupima kifua kikuu. Mpima makohozi, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Kikopo, alikwisha kuuona tangu alfajiri, na moyo ukamwambia kwamba ameambukizwa.

"Picha ya kifua ni safi. Huumwi, wala huambukizi mtu. Wadudu wa kifua kikuu wamo, ila wamelala. Utameza dawa wasije wakaamka."

"Wamelala kwa sababu wameshiba vya hapa kwenu. Nimewapata hapahapa kazini."

"Si lazima iwe hapa, mama. Huenda ni kwenye basi."

Basi! Mama Kikopo alicheka kwa uchungu. Miaka yote hiyo alifungua vikopo na kuviinamia, uso karibu na mdomo wa kikopo, ajue kama mgonjwa ametoa kohozi la kifuani au ametema mate tu. Feni ya kutolea hewa ilikufa zamani. Barakoa nzuri zilifungiwa kabatini zikingoja wakaguzi. Wakija zinagawiwa, wakienda zinakusanywa.

"Mnyonge mnyongeni, daktari," alisema akishusha mkono wa gauni, "lakini haki yake mpeni."

Daktari akamwandikia dawa.

Jioni alifika kwa bintiye na mfuko wa nguo. Binti alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na Mama Kikopo aliomba likizo aje kumwogesha mjukuu. Maji yalikuwa tayari, vuguvugu. Akakunja mikono ya gauni.

"Mama, mkono umefanyaje?"

Angeweza kusema ni mbu, yakaisha. Lakini maisha yake yote aliwaambia watu ukweli wa vifua vyao, akaamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri haumtishi mtu. Hapo ndipo alipokosea.

"Nina wadudu wa kifua kikuu, ila wamelala. Hawaambukizi wakiwa hivyo, mwanangu. Ni kama mwizi aliyeko jela."

"Na akitoroka?"

"Ndiyo maana nimepewa dawa."

"Basi maliza dawa kwanza, mama. Ukimaliza utambeba."

"Hiyo ni miezi. Atakuwa anakaa, atakuwa ananikimbia."

"Nisamehe, mama. Sina mtoto mwingine."

Alitaka kupiga kelele kwamba vikopo hivyohivyo ndivyo vilivyomlea yeye binti, vikamsomesha, vikamwoza. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira aibu, kana kwamba ameiba kitu. Akarudi nyuma hadi mlangoni, akakaa kwenye kigoda.

Binti akamwingiza mtoto majini mwenyewe, kwa woga. Kichwa kikalegea, kikaning'inia. Mikono ya Mama Kikopo ikanyanyuka yenyewe. Binti akageuka upesi, akamkinga mwanawe kwa mgongo.

Bibi akaishusha mikono, akaikalia.

"Shingo, mwanangu," alisema kutoka mlangoni. "Mkono wa kushoto chini ya shingo. Hivyo. Sasa mmwagie polepole."