Pete Kumi na Saba

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa muuguzi wa vidonda katika kliniki ya mtaa wetu hapa Marrakech, na nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Nilipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kugombana na paka. Ndipo nikaenda soko la wakerezaji, nikamwambia Fundi Allal kwamba nataka kujifunza kukereza miti, si kwa biashara, kwa raha zangu tu.

Alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Basi vua kiatu cha kulia, Lalla Zhor," akasema; Lalla kwetu ni kama Bibi. "Huku kazi inaanzia chini."

Ndivyo tunavyokereza. Unakaa kwenye mkeka. Mkono wa kulia unavuta upinde, na kamba ya upinde inakizungusha kijiti. Mkono wa kushoto unashika mpini wa patasi. Ncha ya patasi inabanwa na mguu wa kulia, kati ya dole gumba na kidole cha pili, na mguu ndio unaoisogeza kwenye mti. Wenye mashine za umeme wapo mtaa wa pili. Fundi Allal huwaita wasaga kahawa.

Baada ya miezi mitatu mkono wangu ulikuwa umekolea. Nilikereza vijiti vya mishikaki, miiko, vishikio vya droo. Ukoo mzima una miiko yangu mpaka umechoka kunishukuru. Bouchaib, muuza viatu wa kibanda cha mbele, hakunipa nafasi ya kujisifu.

"Lalla Zhor, kuni za leo zimekamilika?"

"Zimekamilika. Bado wewe tu wa kuchomwa."

Kisha likaja somo la pete. Unachukua kijiti kimoja cha mchungwa, na humohumo unachonga pete inayokizunguka bila kutoka. Hakuna gundi, kijiti na pete ni mti mmoja. Unaipenyeza patasi chini ya pete kutoka upande huu, kisha kutoka upande ule, na humo ndani huoni kitu. Ukibaki unene wa karatasi ni lazima ulegeze mguu, la sivyo pete inapasuka.

"Macho hayafiki huko," Fundi alisema. "Dole litakuambia. Mti ukikaribia kuachia, unatetemeka kivingine. Umeusikia?"

"Nimeusikia," nikasema, na pete ikapasuka.

Sikuwa nimesikia kitu chochote.

Kwa siku nane nilivunja pete kumi na sita. Niliulaumu mchungwa kwamba ni mbichi, nikailaumu patasi kwamba ni butu, na Fundi, mtu mpole kupita kiasi, akainoa tena patasi iliyokuwa kali kama wembe. Yeye alidhani mwanafunzi wake ana haraka. Mimi nilikuwa naogopa. Nina kisukari, huu ni mwaka wa tisa, na najua kinavyowaingia watu miguuni. Hakianzi kwa kuuma. Kinaanza kwa kuondoa kuuma. Nimewaosha watu waliotembea kutwa nzima na msumari ndani ya kiatu, wakaja kwangu kulalamika kikohozi. Dada yangu Ghita nilimfunga bandeji kwa mikono yangu hii. Kilikatwa kidole, ukakatwa unyayo, wakakata juu ya goti, na mwaka haukwisha tukamzika. Kwa hiyo kila niliposema "nimeusikia," roho ilikuwa mkononi.

Ningeweza kujipima. Kipimo chenyewe ni uzi mgumu wa plastiki, unaugusisha kwenye unyayo na kumuuliza mtu kama anasikia. Ninao nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Miezi yote hiyo nilichukua vijiko na kuuacha palepale ulipolala. Wagonjwa waliokuwa wakiogopa kupimwa niliwagombeza mpaka wakalia, na sasa nilikuwa mwoga kuliko wao wote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye pete ya kumi na saba. Ilikuwa inakuja vizuri, nyembamba, ya duara, na kwa mara ya kwanza nilidhani nitaipata.

"Lalla, simama," Fundi akasema.

"Ngoja kidogo, imekaribia."

"Simama, nakuambia."

Niliacha upinde. Maranda yaliyokuwa chini ya mguu wangu yalikuwa mekundu. Patasi ilikuwa imenichana ubavuni mwa dole, na mimi nilikuwa bado navuta upinde na kutabasamu.

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Ni mkwaruzo tu, usinikuzie mambo."

"Funga macho."

"Fundi, mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ungekuwa umeshalia. Funga macho."

Nikafunga. Nje Bouchaib alikuwa anabishana na mteja juu ya kiatu kinachobana. "Nakugusa wapi?" Fundi akauliza. Nilisubiri kitu kinifikie kutoka huko chini.

"Dole gumba," nikasema.

"Na sasa?"

"Kidole cha tatu."

"Bado sijakugusa," Fundi akasema.

Nilifumbua macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani. Mchezo huohuo nilikuwa nikiwafanyia wagonjwa waliokuwa wakinidanganya, na wao pia walijibu bila kusita, kama mimi. Nilitaka kucheka, mdomo ukakataa.

Niliomba maji na kitambaa safi. Nililiosha dole, nikalikagua kama la mgonjwa. Mchano ulikuwa mfupi, msafi, haukufika mbali. Nikapumua. Nikajiambia kwamba nimeuwahi, kwamba kesho nitakwenda kliniki, nitapimwa, nitakunywa dawa kwa adabu, yatakwisha.

"Na ule mwingine?" Fundi akauliza.

"Upi?"

"Wa kushoto. Au ulikuja na mmoja?"

Wa kulia nilikuwa nauona kila siku, uko wazi mbele ya macho yangu. Wa kushoto haukuwa na kazi katika ukerezaji. Ulikaa ndani ya soksi, ndani ya kiatu, umekunjwa pembeni ya mkeka. Nyumbani nilikuwa nauosha gizagiza, kwa haraka, nikitazama ukuta. Na siku tatu hizi za baridi sikuwa nimevua hata soksi.

"Huo hauna kitu," nikasema.

"Basi tutauona usivyo na kitu."

Bouchaib alikuwa ameshavuka njia, ameegemea mlango. "Vua, Lalla. Miaka ishirini nauza viatu, hakuna mguu uliowahi kunikimbiza."

Kiatu kilitoka. Soksi haikutoka. Niliivuta, ikashika, na kabla sijaona kitu harufu ikanifikia. Harufu ile siwezi kuikosea. Fundi akaimiminia soksi maji. Soksi ilipoachia, katikati ya unyayo palikuwa na tundu jeusi lenye usaha, na ndani ya tundu kipande cha mchungwa, chembamba, kilichopinda. Kilikuwa kipande cha pete. Kilidondokea kiatuni siku mojawapo ya kuvunja kwangu, kikatoboa soksi, nami nikakikanyaga kutoka hapa hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi hapa.

Bouchaib aligeuka mbio. Alikwenda kumwaga viatu vyake chini ili atupatie mkokoteni wake wa kubebea.

"Nipe penseli yako," nikamwambia Fundi.

Wekundu ulikuwa umepanda juu ya unyayo, ukakaribia kifundo. Nilichora mstari pembezoni mwake, kuuzunguka wote, kama nilivyowachorea wengi, nikaandika pembeni: saa nne na robo.

"Huo mstari wa nini?"

"Wa kujua kama unatembea."

"Na ukitembea?"

Nilimrudishia penseli. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitapiga kelele sokoni.

Walinisukuma kwenye mkokoteni wa viatu hadi langoni kwenye teksi, mimi niliyekuwa nikipita njia hiyo kichwa juu. Watu walinisalimia, nikaitikia. Niliufunika mguu kwa kitambaa, nikauweka mkono juu, na sikuuangalia njia nzima. Kliniki ilikuwa imejaa. Fundi Allal aliwaomba watu wanipishe kwa sauti ndogo sana, nao wakapisha.

Aliyenipokea ni Ibtissam, muuguzi niliyemfundisha kazi tangu hajui kukata bandeji.

"Lalla Zhor, umekuja kutukagua?" akasema, akicheka. "Kaa hapa, tuone umetuletea nini."

Aliondoa kitambaa. Akausoma mstari, akasoma na saa niliyoandika, akainua macho kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo. Nikatazama na mimi. Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili.

Ibtissam akaanza kupanga vifaa ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Kidole au unyayo?" nikamuuliza.

"Tusubiri daktari, Lalla."

"Ibtissam, ni mimi."

"Tusubiri daktari," akasema tena, akavuta kiti, akakaa karibu yangu na kunishika mkono.

Hilo nilimfundisha mimi. Nilimwambia, kama ni dogo, mwambie mgonjwa hapohapo apumue. Kama ni kubwa, usiseme kitu, mwachie daktari, wewe kaa na umshike mkono. Daktari alichelewa, na Ibtissam hakuuachia mkono wangu hata simu yake ilipolia.