Admirali Apelekwe Roma

Ersilia Rebuffo alimpenda mumewe sana, alimradi awe baharini. Miaka yote Prospero alikuwa kwenye manowari na yeye nyumbani Calafosca, wakionana likizo hadi likizo kama wachumba. Kisha jeshi la wanamaji likamstaafisha, na admirali mzima akashushwa mlangoni pamoja na masanduku yake.

Loo! Ndipo Ersilia alipojua ameolewa na nani. Asubuhi vitanda vikaguliwe. Viatu vipangwe mstari. Hata paka alikaripiwa kwa kulala saa za kazi. Na mchana ndio balaa lenyewe. Melini, mpishi humletea kamanda sinia la chakula cha mabaharia. Kamanda huonja kabla mtu yeyote hajala, aseme sawa au kirudi jikoni. Prospero aliihamishia desturi hiyo nyumbani, na Ersilia, bibi wa jiko lile tangu ujana wake, akawa anasimama na sinia mkononi kama kuruta.

"Supu imepungua chumvi. Irudi jikoni."

"Jikoni wapi, Prospero? Si ndipo tulipo!"

Basi uchaguzi wa Bunge ulipotangazwa, Ersilia alimwendea mumewe na uso mkavu kabisa. "Taifa linakuhitaji, mume wangu. Roma inakuita." Prospero alimtazama kidogo, akasema haya, atagombea. Ersilia hakuamini masikio yake.

Alimpigia kampeni kuliko chama chenyewe. Alibisha kila mlango, akanywa kahawa ya kila jirani mpaka mikono ikamtetemeka. Lakini mgombea mwenyewe, masikini! Hotuba yake yote ilikuwa hivi: "Gati litajengwa. Barabara itajengwa. Tawanyikeni." Watu wakatawanyika kweli. Mpinzani wake, Wakili Tassara, alikuwa na ulimi wa asali, na hakuna kitoto kilichompita bila kubusiwa.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa mji. Siku hiyo wanawake wa bandarini hupika sufuria kubwa la minestrone uwanjani, supu ya mboga na maharage, na wageni wa heshima huonja kwanza na kusifu. Husifu tu, padri mwenyewe alikuwa ameisifu miaka nenda miaka rudi, tena kwa viapo. Tassara alionja, akafumba macho, akasema hata marehemu mama yake hakuwahi kupika hivyo.

Ersilia akamfinya mumewe kiunoni. "Sema tamu. Neno moja tu, nakuomba."

Prospero akaonja. Akatafuna. Akatafuna tena. "Maharage hayajaiva," akasema. "Irudi jikoni."

Ersilia alitamani ardhi ipasuke immeze. Roma ndiyo hiyo, imekwenda zake! Colomba muuza samaki, mkuu wa sufuria lile, akajishika kiuno.

"Hebu rudia, baba!"

"Mabichi, mama. Watoto wataumwa tumbo. Asile mtu mpaka yaive."

"Na wewe je? Unakwenda kula ravioli za nyama na wakubwa wenzako pale mezani, siyo?"

"Mimi nakula mwisho, watu wakishashiba." Akavua koti lenye nishani, akaketi juu ya kreti la samaki, akaanza kupepea moto.

Colomba alichota harage, akaling'ata, akalitema. Akaangua kicheko mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Jamani, ni mawe! Na wakili kayasifu! Huyu akiulizwa kule Roma gati letu likoje, si atasema tamu?"

Wanawake walikuwa tayari na kura wakati huo, na walizitumia. Tassara hakuona ndani. Siku ya matokeo Ersilia alicheza peke yake jikoni na ufagio.

Kituoni, siku ya safari, alikuwa bado anaimba chinichini. Prospero alichungulia dirishani mwa behewa.

"Unafurahi, Ersilia?"

"Kwa ajili ya taifa."

"Acha hizo. Nilijua tangu siku ile kwamba unataka nikuondokee nyumbani."

Uso ukamwaka moto. "Sasa mbona ulikubali?"

"Miaka yote hiyo nimekuacha peke yako, na hujawahi kuniomba kitu. Hiki uliniomba."

Filimbi ikalia. Mwanamke huyu alikuwa amemsindikiza mumewe kwenye magati mengi, macho makavu. Leo machozi yalimtoka, akaona haya, akakasirika kwa kuona haya, na juu ya yote akampenda mtu yule kwa namna iliyomuuma kifuani. Gari-moshi likaanza kusogea. Akakimbia nalo.

"Fungua mlango!"

"Huna mzigo, wewe! Huna hata tiketi!"

"Fungua mlango, Prospero! Hiyo ni amri!"

Admirali akafungua.